Sukari Isiyotoka Sahanini

Damu yote ya mtu mzima mwenye afya, anapoamka asubuhi kabla ya kutia kitu kinywani, huwa na glukosi ya gramu 4 au 5 tu, kiasi ambacho hakizidi kijiko kimoja cha chai. Ubongo wake peke yake, ambao ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, hutumia karibu gramu 120 za glukosi kwa siku, yaani gramu 5 hivi kila saa, na hauachi kuitumia mwenyewe anapolala, anapofunga au anapokosa chakula. Kwa hesabu hiyo glukosi iliyomo katika damu ingekwisha kabla ya saa moja kutimia, na mtu angetetemeka, akaweweseka na hatimaye akazirai akiwa bado kitandani. Hilo halitokei. Kipimo kikichukuliwa alfajiri huonyesha takriban milimoli 5 kwa lita, na kikirudiwa baada ya saa tatu bila mtu huyo kula chochote, huonyesha karibu kiasi kile kile. Mazungumzo haya yanahusu mahali inapotoka glukosi hiyo, na sababu ya jibu lake kuwahusu watu wengi zaidi kuliko wanafunzi wa biolojia.

Glukosi ni sukari sahili, yaani sukari ambayo usagaji wa chakula hauwezi kuigawanya kuwa sukari nyingine ndogo zaidi, na kila molekuli yake ina atomu 6 za kaboni, 12 za hidrojeni na 6 za oksijeni. Wanga uliomo katika ugali, wali, muhogo, viazi na ndizi za kupika si kitu kingine ila minyororo mirefu ya glukosi iliyoshikana, ingawa ulimi hausikii utamu wake, na vimeng'enya vya mate, vya kongosho na vya utumbo mwembamba huikata minyororo hiyo mpaka glukosi ikapata kupenya ukuta wa utumbo na kuingia katika mshipa unaoipeleka kwanza kwenye ini, kabla haijaenea mwilini. Maelezo yanayotolewa kwa umma kuhusu sukari ya damu huishia mara nyingi hapo, kwenye sahani na utumbo, kana kwamba mwili hupokea tu kile kilicholiwa. Maelezo hayo si ya uongo, lakini ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayofafanua mfungo, njaa, madhara ya pombe, malaria kali na sehemu kubwa ya ugonjwa wa kisukari.

Nusu hiyo ilianza kujulikana mjini Paris katikati ya karne ya 19. Wakati huo wataalamu wengi wa Ulaya waliamini kwamba mimea ndiyo inayotengeneza sukari, na kwamba kazi ya mnyama ni kuivunja tu. Claude Bernard, mwanafiziolojia Mfaransa, aliwalisha mbwa nyama tupu isiyo na wanga wala sukari, kisha akaichunguza damu inayotoka kwenye ini na kuikuta ina sukari. Mwaka 1855 alieleza jaribio jingine, ambalo kwa wepesi wake na kwa uzito wa matokeo yake linastahili kusimuliwa katika kila darasa la sekondari: alilitoa ini la mbwa aliyeuawa punde, akapitisha maji ndani ya mishipa yake mpaka maji yaliyotoka yakawa hayana sukari hata chembe, akaliweka kando, na kesho yake alipolipima tena akakuta sukari tele imejitokeza ndani yake. Ini lililokwisha kukatwa, lisilopata chakula wala damu, lilikuwa limetoa sukari kutokana na kitu kilichohifadhiwa katika nyama yake lenyewe. Mwaka 1857 Bernard alifanikiwa kukitenga kitu hicho, nacho ndicho glaikojeni, akiba ya glukosi iliyoungwa pamoja katika matawi mengi ndani ya seli. Ini la mtu mzima aliyeshiba huweka takriban gramu 100 za akiba hiyo, na misuli yote kwa jumla huweka karibu gramu 400.

Hata hivyo, kufungua ghala si sawa na kuzalisha. Mbwa waliolishwa nyama tupu siku baada ya siku hawakuwa na wanga wa kujazia ghala hilo, kwa hiyo lazima maini yao yaliiunda glukosi kutoka kwa kitu ambacho hakikuwa glukosi. Namna jambo hilo linavyofanyika haikuweza kueleweka mpaka kwanza ieleweke namna seli inavyoivunja glukosi, na ufunguo wa jambo hili la pili ulipatikana katika hamira.

Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner alisaga hamira pamoja na mchanga, akaikamua, akapata maji yasiyo na seli hai hata moja, kisha akayatia sukari ili yasiharibike. Maji hayo yalianza kutoa mapovu: sukari ilikuwa ikigeuka kuwa alkoholi na hewa ya ukaa, kazi ambayo wakubwa wa sayansi wa zama hizo waliamini kuwa haiwezi kufanywa ila na kiumbe kilicho hai. Ndiyo kazi ile ile inayoendelea katika mtungi wa mbege huko Kilimanjaro, ndizi zilizopikwa zinapochanganywa na kimea cha ulezi. Buchner alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1907, na baada yake Arthur Harden na William Young nchini Uingereza walionyesha kwamba sukari haiwezi kuvunjwa mpaka iungane na fosfeti, ambayo ni chumvi ya madini ya fosforasi. Miaka 40 hivi baada ya jaribio la Buchner, njia nzima ya uvunjaji ilikuwa imechorwa, nayo mpaka leo hubeba majina ya watu watatu: Gustav Embden, Otto Meyerhof na Jakub Parnas. Meyerhof, aliyekuwa Myahudi, alilazimika kuikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1938 na kumalizia maisha yake Marekani. Parnas alikamatwa mjini Moscow na kufia kizuizini mwaka 1949. Ni haki kuyataja mambo hayo, kwa sababu mchoro unaoonekana kuwa mkavu katika vitabu vya biolojia ulilipiwa na watu ambao karne yao haikuwahurumia.

Njia hiyo inaitwa glikolisisi, yaani uvunjaji wa glukosi, na ina hatua 10, kila hatua ikisimamiwa na kimeng'enya chake, ambacho ni protini inayoharakisha badiliko fulani la kikemia bila yenyewe kuisha. Yote hufanyika katika saitoplazimu, ute unaojaa ndani ya seli. Glukosi inapoingia tu katika seli hubandikwa fosfeti, na kwa kuwa molekuli yenye fosfeti haiwezi kuupita utando wa seli, glukosi hiyo huwa imefungiwa ndani na haitoki tena. Hatua chache baadaye hubandikwa fosfeti ya pili, kisha molekuli hiyo yenye kaboni 6 hupasuliwa kuwa vipande viwili vya kaboni 3 kila kimoja. Mpaka hapo seli haijapata kitu, bali imetoa, kwani kila fosfeti iliyobandikwa imetoka katika molekuli ya adenosini trifosfeti, ambayo hufupishwa kuwa ATP na ndiyo hubeba nishati na kuitoa mahali inapohitajika, iwe katika msuli unaokaza au neva inayopeleka taarifa. Baada ya mpasuko ndipo marejesho yanapoanza: ATP 2 zilizotumika hufuatwa na ATP 4 zinazoundwa, hivyo faida halisi ni ATP 2 kwa kila molekuli ya glukosi, na mwishoni vipande vile viwili hubaki vikiwa molekuli 2 za piruveti.

Faida hiyo ni ndogo, na katika seli nyingi si mwisho wa safari, kwa kuwa piruveti huingia katika mitokondria, vyumba vidogo ndani ya seli ambamo oksijeni hutumika, na humo huvunjwa kabisa kuwa hewa ya ukaa na maji kupitia mzunguko alioueleza Hans Krebs mwaka 1937. Glukosi moja ikivunjwa hadi mwisho huipatia seli ATP zipatazo 30 hivi. Iko seli moja ambayo haiwezi kufika huko, nayo ni seli nyekundu ya damu. Seli hiyo, inayoishi siku 120 hivi, haina mitokondria, kwa hiyo hubeba oksijeni ya mwili mzima bila kuweza kuitumia, na maisha yake yote huyaendesha kwa ATP 2 za glikolisisi. Piruveti yake hugeuka kuwa lakteti, kama inavyogeuka katika misuli ya mkimbiaji anayetumia nguvu kupita kiasi ambacho oksijeni inaweza kuhudumia. Mageuzi hayo yana sababu yake: glikolisisi huhitaji kibeba hidrojeni kinachotengenezwa kutokana na vitamini iitwayo niasini, na kibeba hicho kikijaa bila kupakuliwa, uvunjaji wote husimama; piruveti inapopokea hidrojeni hiyo na kuwa lakteti, kibeba huwa huru tena na kazi huendelea. Hamira hupakua hidrojeni yake kwa njia nyingine, na matokeo yake ni alkoholi.

Kwa muda mrefu lakteti ilihesabiwa kuwa taka. Waliobadili mtazamo huo ni mke na mume, Gerty na Carl Cori, wote wawili wazaliwa wa Prague wa mwaka 1896, waliohamia Marekani mwaka 1922. Walionyesha kwamba lakteti inayotolewa na misuli husafiri katika damu hadi kwenye ini, ambako huundwa upya kuwa glukosi na kurudishwa katika damu ili misuli iitumie tena, na mzunguko huo, waliouchapisha mwaka 1929, unaitwa kwa jina lao. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1947 pamoja na Bernardo Houssay wa Argentina, na Gerty Cori akawa mwanamke wa kwanza kuipata tuzo hiyo katika fiziolojia au tiba, ingawa kwa miaka mingi alikuwa amefanya kazi sawa na mumewe kwa cheo cha chini na malipo madogo.

Uundaji huo wa glukosi kutoka kwa vitu visivyo wanga unaitwa glukoneojenesisi. Mtu anaweza kudhani kwamba ni glikolisisi inayoendeshwa kinyumenyume, na kwa hatua 7 kati ya 10 dhana hiyo ni sahihi, kwani vimeng'enya vya hatua hizo hufanya kazi pande zote mbili. Hatua 3 zilizobaki, yaani ya kwanza, ya tatu na ya mwisho, hupoteza nishati nyingi kiasi kwamba, kama maji yaliyokwisha kuporomoka kwenye jabali, haziwezi kurudi zilikotoka. Kwa sababu hiyo ini limejiwekea njia za kando penye vikwazo hivyo. Kikwazo cha mwisho ndicho kigumu zaidi: piruveti huingizwa katika mitokondria, huongezewa kaboni kutoka katika hewa ya ukaa kwa msaada wa vitamini iitwayo biotini, kisha kaboni hiyo hiyo huondolewa katika hatua inayofuata, na nguvu ya kuiondoa ndiyo inayoisukuma molekuli juu ya kikwazo. Penye vikwazo viwili vingine, vimeng'enya maalumu hubandua fosfeti zile zilizobandikwa wakati wa uvunjaji. Gharama ya kazi hiyo ni molekuli 6 zenye nishati ya kiwango cha ATP kwa kila glukosi inayoundwa, wakati seli nyekundu itakayoivunja glukosi hiyo itafaidi 2 tu.

Kwa mwili kwa ujumla, basi, mzunguko huu ni wa hasara, na hapo ndipo maana yake inapoonekana. Ini halitengenezi glukosi ili kujishibisha, kwa kuwa lenyewe lina mitokondria nyingi na hujiendesha vyema kwa mafuta; hutengeneza kwa ajili ya ubongo na seli nyekundu za damu, na hulipia gharama yote kwa nishati inayopatikana kwa kuchoma mafuta. Kubandua fosfeti ya mwisho, hatua inayoiachia glukosi uhuru wa kutoka katika seli, hufanywa na kimeng'enya kinachoitwa glukosi-6-fosfatesi, ambacho kimo katika ini na figo lakini hakimo katika misuli. Ndiyo maana gramu 400 za akiba ya misuli, ingawa ni mara nne ya akiba ya ini, haziwezi kuingia moja kwa moja katika damu kuusaidia ubongo: msuli ukishaipokea glukosi, hauitoi tena ikiwa glukosi.

Umuhimu wa kimeng'enya hicho kimoja ulidhihirika mwaka 1952, akina Cori walipogundua kwamba watoto wenye ugonjwa wa von Gierke huzaliwa wakiwa na upungufu wake. Maini ya watoto hao huvimba kwa glaikojeni isiyoweza kutoka, na sukari yao ya damu hushuka ndani ya saa chache tu baada ya kula, wakiwa na ghala lililojaa na mlango usiofunguka. Matibabu yaliyoyabadili maisha yao katika miaka ya 1980 hayakuwa dawa ya ajabu, bali wanga wa mahindi usiopikwa uliokorogwa katika maji, ambao husagwa polepole tumboni na kuachia glukosi kidogo kidogo muda wote ambao ini la mtu mwingine lingekuwa kazini.

Njia mbili zinazopingana ndani ya seli moja zinahitaji usimamizi mkali, kwa sababu zikienda kwa pamoja ini litavunja na kuunda glukosi ile ile na kupoteza nishati bure. Usimamizi huo kwa sehemu kubwa umo mikononi mwa homoni mbili za kongosho. Insulini hutolewa sukari ya damu inapopanda baada ya mlo, huamuru ini lihifadhi na livunje, na kuyafungulia misuli na mafuta mlango wa kupokea glukosi. Glukagoni hutolewa sukari inaposhuka, na amri yake kwa ini ni kufungua akiba na kuunda. Kwa muda mrefu haikujulikana amri hizo hulifikia vipi swichi la ndani ya seli, mpaka mwaka 1980 Henri-Géry Hers na Emile Van Schaftingen nchini Ubelgiji walipogundua molekuli ndogo inayoitwa fruktosi-2,6-bisfosfeti. Ikiwa nyingi, kama inavyokuwa chini ya insulini, huchochea uvunjaji na kuzuia uundaji; glukagoni inapoipunguza, mambo hugeuka. Ini hupima hali ya mwili mzima kwa wingi wa molekuli hii moja, ambayo si chakula wala nishati, na katika historia nzima ya jambo hili ni vigumu kupata utaratibu mwepesi na mzuri kuliko huo.

Mfungo wa Ramadhani unaonyesha mfumo huo ukifanya kazi yake. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, tangu alfajiri mpaka magharibi ni muda wa saa 13 hadi 14 hivi. Kwa saa chache za mwanzo mfungaji hutumia glukosi ya daku, kisha insulini hushuka, glukagoni hupanda, na glaikojeni ya ini huanza kufunguliwa. Vipimo vilivyofanywa kwa watu wenye afya vimeonyesha kwamba mtu anapofikisha muda wa saa 14 bila kula, karibu nusu ya glukosi inayoingia katika damu yake huwa imeundwa upya, na kwamba ikifika muda wa saa 42 karibu yote huwa ni ya kuundwa, kwa kuwa ghala limekwisha. Mfungaji mwenye afya anayekula futari jioni hafiki huko. Hufika mahali ambapo ini linaanza kuchanganya akiba na uzalishaji.

Njaa ya siku nyingi ni jambo jingine, na hapa kuna ukweli ambao watu wengi hawautarajii. Mafuta ya mwili, hata yakiwa mengi kiasi gani, hayawezi kugeuka glukosi isipokuwa sehemu yake ndogo inayoitwa gliseroli. Asidi za mafuta, ambazo ndizo zinazobeba karibu nishati yote, huvunjwa kuwa vipande vya kaboni 2, na hatua inayoigeuza piruveti kuwa kipande cha namna hiyo haina njia ya kurudi katika mwili wa binadamu. Kinachobaki cha kuundia glukosi ni lakteti, gliseroli, na zaidi ya yote asidi amino, ambazo ni vijenzi vya protini na hutoka katika misuli yenyewe. Mtu mwenye njaa hula misuli yake ili ubongo wake uishi. Kama ubongo ungeendelea kudai gramu 120 kila siku, misuli ingemalizika baada ya wiki chache, lakini baada ya siku kadhaa ini huanza kuyageuza mafuta kuwa ketoni, nishati ambayo ubongo hujifunza kuitumia badala ya sehemu kubwa ya glukosi, na figo nazo huingia katika kazi ya uundaji kwa kiasi kikubwa. Hivyo ndivyo watu waliokosa chakula wameweza kuishi wiki nyingi kuliko hesabu ya mwanzo inavyoruhusu.

Ini linalofanya kazi hiyo linaweza kuzuiwa, na kizuizi kilicho karibu zaidi na watu ni pombe. Alkoholi inapovunjwa katika ini hukijaza hidrojeni kile kibeba kilichotajwa awali, na kibeba kilichojaa huisukuma piruveti kuwa lakteti badala ya kuiacha ipande njia ya glukosi. Mtu aliyekula vizuri hana hatari kubwa, kwa sababu akiba ya glaikojeni ipo. Lakini anayekunywa kutwa bila kula, au mtoto aliyekunywa pombe iliyoachwa wazi, hana akiba, na uundaji umezuiwa, hivyo sukari yake inaweza kushuka mpaka akapoteza fahamu huku walio karibu wakidhani amelewa tu. Dhana hiyo inaweza kuua, na inafaa ijulikane katika kila nyumba inayopika au kuuza pombe.

Katika kisukari cha aina ya pili hali ni kinyume: ini haliachi kuunda. Mgonjwa aliyeacha soda, akapunguza ugali na kulala bila kula, huweza kuamka na kipimo cha milimoli 9 kwa lita, ilhali milimoli 7 za asubuhi kabla ya kula ndizo zinazohesabiwa kuwa kiwango cha ugonjwa, na ndugu zake wakamshuku kwamba amekula kwa siri. Shutuma hiyo ni ya dhuluma. Ini lake limekuwa zito kuisikia insulini, kwa hiyo usiku kucha limeendelea kutoa glukosi kana kwamba mwenyewe ana njaa, na sukari aliyoamka nayo haikutoka sahanini. Chakula bado kina uzito wake, na hakuna daktari anayesema vinginevyo, lakini mgonjwa asiyeelezwa kazi ya ini lake hujilaumu kwa kosa ambalo hakulifanya, na anayejilaumu bure hukata tamaa ya matibabu upesi. Metformini, dawa ambayo wengi huanzishiwa na ambayo Jean Sterne aliitangaza kwa matibabu ya kisukari nchini Ufaransa mwaka 1957, hufanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa kulipunguzia ini kasi ya kutoa glukosi, na ndiyo sababu hunufaisha hata katika saa ambazo mgonjwa hali kitu. Haielekei kuwa vigumu kumweleza mgonjwa jambo hilo kwa Kiswahili, kwenye dirisha lile lile anapokabidhiwa vidonge vyake.

Malaria kali huzigusa njia zote mbili kwa wakati mmoja. Kimelea cha Plasmodium falciparum, kinapoishi ndani ya seli nyekundu ya damu, hutegemea glikolisisi kwa karibu nishati yake yote, na seli iliyoambukizwa hutumia glukosi mara nyingi zaidi ya seli nzima na kumwaga lakteti katika damu. Kimeng'enya ambacho kimelea hutumia kuunda lakteti ni tofauti kidogo na cha binadamu, kiasi kwamba baadhi ya vipimo vya haraka vya malaria hukitafuta hicho. Wakati huo huo mtoto mgonjwa hali wala hanyonyi, akiba ya ini lake dogo huisha mapema, na ini lililolemewa na ugonjwa hushindwa kuigeuza lakteti yote kuwa glukosi, hivyo lakteti hupanda na sukari hushuka. Kwinini, iliyokuwa dawa kuu ya malaria kali kwa vizazi vingi, iliongeza tatizo hilo kwa sababu huichochea kongosho itoe insulini. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2010 na kuwahusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, lilionyesha kwamba waliofariki walikuwa asilimia 10.9 kati ya waliopewa kwinini na asilimia 8.5 kati ya waliopewa dawa nyingine, atesuneti, na sukari kushuka baada ya kulazwa kulikuwa kuchache zaidi kwa waliopewa atesuneti. Miongoni mwa vituo vya jaribio hilo vilikuwa Korogwe na Muheza katika mkoa wa Tanga, na Kilifi katika pwani ya Kenya.

Kwa hiyo mtoto anayefikishwa zahanati akiwa na degedege au amepoteza fahamu hupaswa kupimwa sukari pamoja na malaria, na ikiwa imeshuka chini ya kiwango salama huingiziwa katika mshipa maji ya glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo ya uzito wake. Pale ambapo mshipa haupatikani upesi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani huruhusu kijiko cha chai cha sukari ya kawaida, kilichoroweshwa kwa matone ya maji, kiwekwe chini ya ulimi wa mtoto na kurudiwa kila baada ya dakika 20, huku safari ya kwenda hospitali ikiendelea.